Maneno ya siri ya nyumbani na ya dukani yasitiwe kapu moja

JE, msomaji, ukiulizwa sasa hivi ni nani mwingine katika nyumba yako ajuaye neno la siri la barua pepe yako, utajibu nini? Na yule kijana anayekusaidia dukani, yeye anayajua mangapi? Wengi wetu hatuna jibu. Neno la waifai limeandikwa nyuma ya kalenda. La eCitizen limo katika daftari la hesabu la mtoto aliyemaliza kidato cha nne zamani. La KRA lilitungwa na jamaa wa saiba siku ulipofunguliwa akaunti, na pengine yeye analikumbuka kuliko wewe. La filamu za mtandaoni wanalijua binamu wote, hata wale mnaoonana Krismasi tu.

Mambo huenda hivyo hivyo hadi siku yanapokwama.

Rafiki yangu mmoja ana duka la kupiga chapa na kuuza vifaa vya shule mtaani Umoja, Nairobi. Alimwajiri kijana hodari wa tarakilishi, na kijana huyo ndiye aliyelifungulia duka anwani ya barua pepe. Alipofika mahali panapouliza nambari ya simu ya kutumiwa iwapo mwenyewe atasahau neno la siri, akatia nambari yake. Hakuwa na nia mbaya. Mama alikuwa akihudumia wateja, na simu iliyokuwa karibu ilikuwa ya kijana. Mnamo Machi 2024 kijana akapata kazi Kisumu, wakaagana vizuri kwa soda na mandazi.

Ijumaa ya tarehe 28 Juni mwaka huo, mama aliketi kujaza taarifa za ushuru, akijua kuwa mwisho ni tarehe 30. Neno la siri la iTax likakataa. Akaomba jipya, akajibiwa kwamba limetumwa kwa barua pepe. Akaiendea barua pepe ya duka, nayo ikagoma kufunguka kwenye tarakilishi mpya mpaka aandike tarakimu zilizotumwa kwa simu. Simu ipi? Ya kijana. Na kijana, alipohamia Kisumu, alikuwa ameiacha laini ile na kununua nyingine. Kila akipigiwa, hapatikani.

Hatimaye alipatikana kupitia kwa shangazi yake, akasaidia alivyoweza, lakini tarehe ilikuwa imepita. Faini ya Sh2,000 ilimkera mama, ila kilichomuuma zaidi ni oda. Katika barua pepe ile mlikuwa na oda za shule tatu, na mojawapo haikusubiri.

Jioni moja bintiye, aliye chuo kikuu, akamletea dawa. "Mama, kuna programu za kutunza maneno ya siri. Tununue mpango wa familia. Nyumbani tuko wanne, wafanyakazi wa dukani ni wawili, jumla sita. Na mpango wenyewe unaruhusu watu sita!"

Hesabu ya binti ilikuwa sawa kabisa. Bei pia ilikuwa nafuu kuliko mpango wa biashara. Hata hivyo, mama alisita, akanipigia simu kuniuliza kama kuna ubaya. Nilipoanza kumjibu niligundua kwamba swali lake wanalo watu wengi mjini, kwa maana siku hizi ni nyumba chache zisizo na kibiashara cha aina fulani pembeni.

Kasha moja, ufunguo mmoja

Kabla ya kuamua, yafaa tuelewane tunazungumzia kitu gani. Programu ya kutunza maneno ya siri, au nywila kama wengine waitavyo, ni mfano wa kasha lililomo ndani ya simu na tarakilishi yako. Wewe unakariri neno moja tu, refu, linalofungua kasha. Yale mengine hutungwa na programu yenyewe, kila akaunti na lake, na huandikwa na programu unapoingia kwenye tovuti. Huhitaji hata kuyajua.

Yaliyomo hufumbwa kwa hesabu ngumu kabla hayajatoka katika simu yako, hivyo kampuni hutunza nakala isiyoweza kuisoma. Hilo ndilo jambo jema, na ndilo la kuogopesha vilevile: ukilisahau neno kuu, hakuna karani wa kampuni awezaye kukuambia lilikuwa nini.

Zinazojulikana sana ni 1Password ya Canada, na Bitwarden ya Marekani iliyotolewa mwaka 2016. Ipo pia KeePass, ya bure, iliyoanzishwa na Dominik Reichl wa Ujerumani mwaka 2003. Hiyo haikulazimishi kutumia mtandao wa mtu. Kasha lake ni faili unayoihifadhi upendapo. Google na Apple nazo zina makasha yao ndani ya simu, bila malipo ya ziada.

Usumbufu wote huu wa nini, utauliza, ilhali neno lako moja umelitumia tangu ulipofungua Facebook? Ni kwa sababu tovuti moja ndogo ikiibiwa orodha ya wateja wake, wezi huichukua orodha hiyo na kuijaribu kwenye barua pepe, benki na kila mahali. Wizi wa aina hii si mgeni. Neno la siri la tarakilishi lilianza kutumika katika chuo cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, akaichapisha orodha nzima ya maneno ya wenzake kwa sababu alitaka saa zaidi za kutumia mashine. Wanafunzi hawajabadilika sana.

Sasa tuje kwenye mipango. Ninaposema mpango wa familia sina maana ya ule wa kliniki, wala mpango wa biashara si ule unaopelekea benki ukiomba mkopo. Ni majina tu ya vifurushi viwili ambavyo kampuni hizi huuza.

Mpango wa familia hulipiwa bei moja kwa nyumba nzima. 1Password huruhusu watu watano kwa bei hiyo, Bitwarden sita. Kila mmoja ana kasha lake la faragha, na kando kuna kasha la pamoja la vitu vya nyumba: waifai, filamu, akaunti ya tokeni za umeme, nambari za bima. Mpango wa biashara hulipiwa kwa kichwa. Ukiongeza mfanyakazi, malipo yanaongezeka, akiondoka yanapungua. (1Password ina kifurushi cha bei moja kwa kikundi kidogo kisichozidi watu 10, ila kwa jumla kanuni ni hiyo ya kichwa.)

Ukiishia hapo, utachagua kwa kuhesabu vichwa na shilingi, kama alivyofanya yule binti. Tofauti yenyewe haiko kwenye bei.

Kasha ni la nani?

Nyumbani, kila mtu ni mwenye kasha lake. Baba au mama anaweza kuwa msimamizi, akaongeza watu na kuwasaidia waliosahau neno kuu, lakini hapewi ruhusa ya kuchungulia kasha la faragha la bintiye. Ndivyo inavyopasa kuwa. Mpango umejengwa kwa watu wasiofutana kazi. Mtoto huhama, huoa au huolewa, hukasirika miezi miwili, lakini haachi kuwa wenu.

Dukani, mwenye kasha ni duka. Mfanyakazi hupewa kilicho cha kazi yake kwa muda awapo kazini, na siku akiondoka, msimamizi humwondoa mara moja. Kwa hiyo mpango wa biashara una mambo ambayo nyumba haiyahitaji. Unaweza kuwapanga watu kwa vikundi, wa mauzo waone haya na wa hesabu waone yale. Unaweza, kutegemea kifurushi, kulazimisha kila mmoja awe na hatua ya pili ya uthibitisho. Zaidi ya yote, kuna kumbukumbu ya nani alifungua nini na saa ngapi. Kwa Bitwarden, kwa mfano, kumbukumbu hiyo haimo katika mpango wa familia. Utaipata katika mipango ya biashara.

Chukua sasa wale watu sita wa binti. Ni kweli kwamba hata katika mpango wa familia unaweza kugawa vitu vya pamoja katika mafungu na kusema fulani asione hili. Mama angeweza kuwafungia wafanyakazi fungu la duka pekee. Lakini siku oda ikifutwa na kila mtu aseme "si mimi", hana pa kutazama. Na atakapomwajiri wa tatu, nafasi zimekwisha: amtoe nani, mumewe? Isitoshe, kampuni zenyewe huuza mpango wa familia kwa matumizi ya nyumbani. Kuwaandikisha waajiriwa kama wana wako ni kuanza safari kwa tiketi ya mtu mwingine.

Tena liko jambo la wateja. Duka la kupiga chapa la mjini, msomaji, linajua mengi. Watu huacha nakala za vitambulisho pale. Huacha vyeti. Wengine humwambia kijana wa saiba neno lao la siri la eCitizen kwa sauti, foleni nzima ikisikia, ili awajazie fomu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humtaka anayetunza habari za watu azilinde, na zikivuja kwa njia inayoweza kuwadhuru wenyewe kweli, amjulishe Kamishna wa Data katika muda wa saa 72. Kwa kawaida duka dogo, lenye mapato yasiyofika Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, huenda lisilazimike kujisajili kwa Kamishna, lakini wajibu wa kulinda haumwondokei mwenye duka kwa udogo wake. Hebu fikiria saa 72 za kutafuta nani alifungua nini, na kumbukumbu huna.

Sheria nyingine ya kujua ni ile ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018. Humtaka mfanyakazi anayeacha kazi arudishe mara moja maneno ya siri na ruhusa zote za mitambo ya mwajiri. Ni sheria nzuri. Ila utamwambiaje arudishe kitu kilichomo kichwani mwake?

Hapo ndipo watu wengi hujidanganya, na mimi nilijidanganya pia. Programu hizi zina mahali pa kumpa mtu neno la siri bila yeye kuliona. Analitumia tu, linaonekana kama vitone. Ukadhani umemaliza. La, hujamaliza. Mtu mwenye ujuzi kidogo anaweza kulitoa neno hilo nyuma ya vitone, na watengenezaji wenyewe wanakiri hivyo. Kwa hiyo mfanyakazi akiondoka, hata kwa soda na mandazi, mwondoe kwenye kasha kisha ubadilishe kila neno alilowahi kulitumia. Uzuri wa programu ni kwamba itakuonyesha hayo ni yapi, na kuyabadilisha ni kazi ya alasiri moja.

Bora zaidi, usimpe neno lenyewe kama kuna njia nyingine. Ukurasa wa Facebook wa biashara hauhitaji neno la siri la mwenyewe. Unamwongeza mfanyakazi kwa akaunti yake, na siku ya kuondoka unamtoa. Mabenki nayo huweza kumpa karani ruhusa ya kuandaa malipo nawe ukabaki wa kuidhinisha. Tulivyozoea kuambiana maneno ya siri, husahau hata kuuliza kama ilikuwa lazima.

Na PIN ya M-Pesa? Hiyo isiingie katika kasha lolote la pamoja, liwe la familia au la biashara. Najua kuna mabwana na mabibi wanaojuana PIN na wanaona ni alama ya mapenzi. Mimi simo.

Ukiwa wewe ndiwe mwajiriwa

Tumezungumza kana kwamba kila msomaji ana duka. Wengi wenu ni waajiriwa, na huenda ofisi yenu imewapa kasha la kazini. Ni rahisi sana kulitumia kwa kila kitu kwa kuwa tayari liko kwenye simu: neno la ofisi, la benki yako, la KUCCPS la mtoto, la akaunti ya matibabu ya mama mzee. Usifanye hivyo. Kasha la kazini ni mali ya mwajiri. Msimamizi wake anaweza kulisimamisha siku barua yako ya kuacha kazi ifikapo mezani, na katika mipango mingi ya biashara anaweza pia kuirejesha akaunti yako mikononi mwa kampuni. Utajikuta nje ya lango huna hata neno la barua pepe yako.

Badala yake, uliza ofisini swali hili: je, mpango wetu una familia ya bure? 1Password, katika mpango wake wa Business, humpa kila mfanyakazi mpango wa familia bila malipo, na Bitwarden hufanya vivyo hivyo katika mpango wake wa Enterprise. Kasha hilo la familia ni lako, mwajiri haoni ndani. Ukiacha kazi hulipotezi. Unachoanza ni kulilipia mwenyewe. Nimekutana na watu waliokaa na haki hiyo kwa muda mrefu bila kujua, huku wakilipia nyingine kwa pesa zao.

Kwamba nyumba na kazi zikichanganyika madhara yanaweza kuwa makubwa, mfano upo, tena ni wa kampuni iliyouza makasha haya haya. Agosti 2022, LastPass ya Marekani ilitangaza kuwa mtu ameingia katika mitambo yake. Tarehe 22 Desemba ikakiri kwamba nakala za makasha ya wateja zilichukuliwa. Maneno ya siri yalikuwa yamefumbwa, lakini anwani za tovuti hazikuwa. Mwaka uliofuata ikaeleza njia aliyopitia mwizi: tarakilishi ya nyumbani ya mhandisi mmoja, miongoni mwa wanne tu waliokuwa na funguo za hifadhi ile. Katika tarakilishi hiyo mlikuwa na programu ya burudani yenye kasoro. Mwizi akapenya humo, akapachika kitu cha kunasa kila herufi inayopigwa, akangoja mpaka mhandisi alipoandika neno kuu la kasha lake la kazini.

Ukisikia hivyo utataka kurudi kwenye daftari. Sikulaumu, na kwa mtu mzima anayeishi peke yake na kufunga mlango wake, daftari si upumbavu. Lakini kumbuka kilichowaponyesha wateja wengi wa LastPass: neno kuu refu, ambalo halikuwa limetumika kwingine. Maneno manne au matano yasiyohusiana, yanayokuchekesha mwenyewe, ni magumu kubahatisha kuliko jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa. Wala huna haja ya kulibadilisha kila baada ya miezi mitatu. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kushauri hivyo mwaka 2017, baada ya kuonekana kwamba watu wakilazimishwa huongeza tarakimu moja mwishoni na kuendelea na yale yale.

Siku usipokuwepo

Hili wengi hawapendi kulizungumza mezani, lakini ndilo lililonifanya mimi nichukue mpango wa familia. Umewahi kuona nyumba iliyofiwa ghafla na mtu aliyekuwa akishughulikia kila kitu? Matanga hayajaisha, na watu wanapeana simu ya marehemu kubahatisha namba ya kuifungulia. Karo ililipwa kupitia mtandao upi? Hati ya gari iko katika akaunti gani? Picha za miaka 10 zimo humo, na mtoto mdogo anazililia.

Bitwarden ina mpango wa mtu wa dharura. Unamchagua mtu unayemwamini na kuweka muda wa kungoja, tuseme siku saba. Akiomba kufungua kasha lako, unaarifiwa. Ukiwa mzima unakataa. Ukinyamaza hadi siku hizo ziishe, linafunguka kwake. Huduma hiyo imo katika mpango wa familia. 1Password hutumia njia ya kizamani ninayoipenda: inakupa karatasi ya kuchapisha, yenye ufunguo wako na nafasi ya kuandika neno kuu kwa mkono. Karatasi hiyo hukaa na hati ya shamba na vyeti vya ndoa, katika lile sanduku la chuma. Na wasimamizi wa nyumba wawe wawili, baba na mama, au mama na binti mkubwa. Msimamizi akiwa mmoja na akalisahau neno lake, hakuna wa kumwokoa.

Andika pia zile namba za kujiokoa za hatua ya pili ya uthibitisho. Simu ikinyakuliwa dirishani mwa matatu pale Muthurwa, kasha lako liko salama kwa kuwa limefungwa. Tatizo ni wewe kuingia tena kwa simu mpya, ikiwa tarakimu za uthibitisho zilikuwa zikija kwa ile iliyokwenda.

Wanafunzi mnaouliza kama haya yote yawahusu, hamna haja ya kulipa. Kasha la bure la Bitwarden latosha mtu mmoja, na watu wawili wanaokaa chumba kimoja wanaweza kuunda fungu la pamoja la bure. Wenye simu za Apple wamekuwa na makundi ya kugawana maneno ya siri tangu mwaka 2023, na Google iliruhusu watu wa kundi la familia kutumiana maneno ya siri mwaka 2024. Ila mkisoma katika saiba au maktaba, usikubali tarakilishi ya watu ikuwekee neno lako. Anayeketi baada yako atakushukuru.

Na chama je? Chama cha akina mama wa mtaa, kwaya, klabu ya chuo: hivi ni familia au ni biashara? Kwa mapenzi ni familia. Lakini mwekahazina hubadilika kila mwaka, na mara nyingine hubadilika kwa ugomvi. Kwa hiyo tabia yake ni ya biashara, hata kama mikutano huanza kwa sala na chai. Akaunti zote za chama zifunguliwe kwa barua pepe ya chama, si ya katibu, na nambari ya simu iwe ya laini iliyonunuliwa kwa jina la kikundi.

Kuhusu malipo, kampuni hizi hudai dola, hivyo gharama hupanda na kushuka na shilingi yetu. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, iliyozinduliwa mwaka 2022, mradi akumbuke kuwa na pesa siku ya kulipia upya ikifika. Jaribu kwanza kabla ya kulipa. Nyingi hukupa muda wa majaribio. Na yule asiyependa tarakilishi katika nyumba, mara nyingi ni baba, aketishwe naye atie neno moja mwenyewe, la sivyo mtakuwa mkimfungulia kila siku.

Rafiki yangu wa Umoja alimaliza hivi. Nyumbani wana mpango wa familia, watu wanne, msimamizi yeye na binti. Dukani ana mpango wa biashara wa watu watatu, yeye na wafanyakazi wawili, kwa anwani ya barua pepe ya duka ambayo nambari yake ya simu sasa ni laini inayokaa katika droo ya pesa. Binti bado anasema mama anapoteza pesa, kwamba sita ni sita. Mama humjibu amalize shule kwanza, kisha aajiri mtu.

Kijana wa Kisumu alipita dukani Desemba kuwasalimu. Aliletewa soda, kisha mama akampa simu ili amtolee nambari yake kwenye akaunti moja ya karatasi za jumla ambayo walikuwa wameisahau.